Bahasha Iliyozungushiwa Selotepu

Mwalimu alifika dirishani Jumatatu asubuhi, mkononi ana bahasha ya kaki aliyoizungushia selotepu mara tatu, urefu na upana, kama mtu anayefunga mzigo wa kupakia juu ya basi. Alikuwa na umri wa mama yangu. Nilimwamkia, akaitikia, lakini bahasha hakunipa. Aliikumbatia kifuani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, barua hii mpaka imfikie Mkurugenzi, inasomwa na watu wangapi?"

Hiyo ilikuwa 1989. Nilikuwa na miaka mitatu katika masjala ya halmashauri moja ambayo sitaitaja, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaanza kuhesabu moyoni. Mimi ndiye ninayechana bahasha na kupiga muhuri wa kupokelewa. Mwenzangu anaisoma ili ajue iingie jalada gani, kisha anaipa namba ya folio. Tarishi anabeba jalada kulipeleka juu, na tarishi wetu alikuwa msomaji kutushinda sote. Katibu muhtasi anaipitia kabla haijaingia ndani. Mkurugenzi mwenyewe. Akishaandika dokezo lake, jalada linashuka kwa afisa utumishi. Majibu yakiandaliwa, kuna mpiga chapa.

"Saba, mama," nilimwambia.

"Saba?"

"Labda nane."

Alitikisa kichwa taratibu, akaitia bahasha kwenye pochi yake. "Basi nitamwambia mwenyewe kwa mdomo." Akaenda kuketi kwenye benchi la ukumbini, akakaa pale mpaka saa tisa alasiri alipoitwa ndani.

Ningeweza kumshauri aandike neno SIRI juu ya bahasha, ikaenda masjala ya siri, chumba chenye mlango wa chuma na ufunguo mmoja. Haikunijia. Kichwani mwangu siri ilikuwa mali ya serikali. Ya mwalimu ilikuwa habari tu.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Sababu ilikuwa mimi.

Wiki chache kabla ya hapo kulikuwa na harusi mtaani kwetu. Usiku wa kuamkia shughuli, masufuria ya pilau tuliachiwa sisi vijana wa kiume. Tulikuwa tumeketi duara tunamenya vitunguu, machozi yanatutoka, soga inanoga. Kila mmoja alileta cha kazini kwake: kondakta alileta vituko vya abiria, mvuvi akaleta uongo wake wa samaki. Mimi nikaleta cha masjala. Nikasema yuko mwalimu mmoja wa kike, simtaji jina, anaomba uhamisho, na nikautaja ugonjwa ambao daktari aliuandika kwenye barua iliyoambatishwa. Ugonjwa huo sitautaja hata leo. Inatosha kusema kwamba miaka ile ukitajwa mtu alianza kutengewa kikombe. Nilijiona mtu makini sana kwa kutotaja jina. Nilichotaja ni kwamba shule iko ng'ambo ya mto.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na shule moja. Katika shule hiyo walimu wa kike walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa ameolewa juzijuzi, ana siha ya kupigiwa mfano.

Hesabu hiyo haikuhitaji msomi. Kabla pilau halijapakuliwa, walioketi pale walikuwa wamekwisha kuimaliza. Siku hizi nasikia watu wa takwimu wakieleza kwamba kuondoa jina peke yake hakumfichi mtu. Bakiza kijiji, kazi na umri, atajulikana. Mimi nililijua hilo kwa vitunguu.

Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba nikimwomba radhi nitakuwa namthibitishia kuwa uvumi ni kweli. Ilikuwa hila tu, nilikuwa naogopa. Alihamishwa mwaka uliofuata. Jalada lake nililifunga mimi, nikaandika kwenye rejista lilikokwenda, na nikaona kwamba ndani hamkuwa na barua ya pili ya daktari. Aliyoyasema kwa mdomo siku ile yalibaki kati yake na Mkurugenzi.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa nimesaini kiapo cha kutunza siri. Nilikisaini kama wengi wanavyosaini, bila kukisoma. Tulichoambiwa ni kwamba iko Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na kwamba anayetoa nje nyaraka za serikali anafungwa. Basi nikaelewa kwamba ninailinda serikali. Mkuu wangu alituasa kila Ijumaa kwamba msemaji wa ofisi ni bosi, wengine wote ni mabubu. Hakuna aliyetuambia kwamba mle kabatini, nyuma ya kila jalada binafsi, kuna mtu ambaye hakuwahi kuapishwa wala kuulizwa, naye ndiye mwenye habari. Ofisi ni mtunzaji tu, kama mama ntilie anayewekewa ufunguo na mpangaji.

Ajabu ni kwamba Katiba ya Tanzania ilikuwa imekwisha kulisema. Haki za binadamu ziliingizwa humo 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani 1988, mwaka mmoja kabla ya bahasha ile. Ibara ya 16 inampa mtu faragha yake, ibara ya 18 inampa uhuru wa kusema maoni yake. Katikati yake imekaa ya 17, ya mtu kwenda na kuishi atakako, ambayo ndiyo mwalimu yule aliyokuwa akiiomba kwa barua. Ya 18 inasema kila mtu. Haisemi kila mtu isipokuwa anayelipwa na Hazina. Karani naye ana mdomo wa kikatiba. Mimi niliutumia wangu juu ya sufuria la pilau, kwa jambo ambalo halikumhusu yeyote pale. Siku ulipohitajika kweli, niliufunga.

Nieleze siku hiyo. Miaka ishirini hivi ilikuwa imepita, na mimi sasa ndiye niliyekuwa nafundisha vijana kutoboa karatasi bila kuchana folio. Nilikuwa nimepokea taarifa ya kifo cha mtumishi wetu mmoja, nakala ya hati ya kifo ikiwa imeambatishwa. Niliifunga jaladani kwa mkono wangu. Mazishi nilihudhuria, nikatupa koleo mbili za udongo. Miezi mitano baadaye ilipita mikononi mwangu listi ya mishahara, nami kwa mazoea nikawa naitupia jicho. Nikaliona jina lake. Nikadhani ni wa jina moja. Nikatazama namba ya utumishi. Ilikuwa ni ileile niliyoiandika juu ya jalada lake mara nyingi kiasi kwamba naikumbuka mpaka leo. Marehemu alikuwa anapokea mshahara, na kwa mwezi ule alikuwa hata ameongezwa.

Nikaandika dokezo, mistari minne, nikaelekeza folio ya taarifa ya kifo. Halikurudi. Niliitwa. Mkubwa aliyeniita alikuwa mpole, aliniagizia chai. Akasema, "Mzee mwenzangu, taarifa za mishahara ni taarifa binafsi za watu. Wewe unazisoma kwa idhini ya nani? Na kiapo ulichoapa?" Kisha akaongeza kwamba familia ya marehemu iko kwenye msiba, si vizuri jina lake kuzungushwa.

Nilitoka mle nimeinamisha kichwa, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba nilijisikia mwenye hatia. Picha ya mwalimu ilinirudia na selotepu yake. Nikasema moyoni: umepewa funzo mara moja, usirudie. Nikanyamaza. Ndiyo kusema, toba yangu ya kosa la kwanza ndiyo iliyonitia katika kosa la pili. Nilikuwa nimejifunza kufunga mdomo, na kufunga mdomo nikakudhania ni adabu.

Baadaye sana niliweka mambo hayo mawili pamoja. Neno lilikuwa moja, siri, muhuri uleule mwekundu, lakini kilichofunikwa hakikuwa kimoja. Ugonjwa wa mwalimu ulikuwa wake. Kuutoa nje hakukumfaa mtu ila waliotaka soga. Mshahara wa marehemu haukuwa wake tena. Ulikuwa wa walipa kodi, na jina lake lilikuwa limefanywa turubai la kufunikia mzigo wa mtu mwingine aliye hai. Maiti hana faragha ya kuficha mwizi. Ningejiuliza swali moja tu, "Nikisema, nani ataumia?", ningepata majibu mawili tofauti kabisa. Kwa mwalimu, angeumia mwalimu. Kwa marehemu, angeumia anayekula.

Lakini naandika hivi nikiwa barazani kwangu, pensheni inaingia. Wapo waliofanya nisichokifanya, na hawakulipwa kwa shukrani. Namfikiria David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kazi yake ilikuwa ya makaratasi kama yangu. Mezani kwake zilipita hati za kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa ikilipwa fidia za serikali kwa kusafirisha nje dhahabu na almasi, dhahabu Kenya ilikuwa nayo kwa tabu, almasi haikuwa nayo kabisa. Aliona mahesabu hayaendi, akawapa wabunge wa upinzani nakala, na 1993 bungeni mambo yakalipuka. Alikamatwa akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Hakutiwa hatiani, lakini kazi hakurudishiwa. Alikwenda kuishi Mombasa, akasilimu, akaoa huko. Tume iliyochunguza kashfa hiyo ilipoundwa miaka kumi baadaye, alikwenda kutoa ushahidi. Alifariki 2006, bado hana kazi ile.

Huwa nazitazama nyaraka za Munyakei kwa jicho la masjala. Zilikuwa na majina? Zilikuwa nayo. Lakini yalikuwa majina ya kampuni, kiasi, tarehe, sahihi za wakubwa waliokuwa kazini. Hakutoa cheti cha daktari cha mtu. Alitoa matumizi ya fedha ya serikali, akayapeleka kwa watu ambao kazi yao ni kuihoji serikali. Sheria iliyomshika haikutofautisha. Kwake siri ilikuwa siri.

Sheria yetu ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ilikuja 2015. Inamlinda mtumishi anayepeleka habari za uhalifu kwa mamlaka husika. Kwa mamlaka, si kwa mwandishi wa habari wala kwa grupu la WhatsApp. Naona mantiki yake: mamlaka inaweza kulifungua jalada bila kuwaanika wote walio ndani. Ila naifahamu miji midogo. Mamlaka husika na bosi wako wanakaa meza moja ya chai, wanaswali msikiti mmoja au wanaimba kwaya moja, na watoto wao wanasoma darasa moja. Unaweza kuandika barua yako saa nne, saa saba ukaulizwa habari zake kantini.

Ulipofika uhakiki wa watumishi hewa mwaka 2016, waliokuja walinikalisha mezani na jalada la yule marehemu. Mmoja wao, kijana wa rika la mwanangu, aliweka kidole juu ya folio yangu ya taarifa ya kifo, muhuri na tarehe vinasomeka vizuri. "Mzee, hii ulipokea wewe?" Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo ulikuwa unajua." Hakuuliza, alisema. Dokezo langu la mistari minne halikuwamo jaladani. Folio yake ilikuwa imerukwa, kutoka 41 kwenda 43, na mtu wa masjala anajua maana yake.

Mwaka uliofuata yakaja ya vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti: watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Majina yakatangazwa. Serikali ileile iliyonifundisha kwamba jalada binafsi halifunguliwi ovyo ilikuwa imefungua kabati zima uwanjani. Sitaki nieleweke vibaya; mtu aliyemtibu mwanangu kwa cheti cha kununua sina huruma naye, na mshahara wake ulikuwa fedha ya umma. Lakini nilisimama mbele ya ubao wa matangazo siku majina ya kwetu yalipobandikwa. Watu walikuwa wanasukumana, vidole vinashuka mstari kwa mstari. Alikuwamo mama mmoja tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na jina la baba yake, kazini alikuwa akitumia la mumewe. Jina lilikuwa tatizo, cheti hakikuwa. Alikata rufaa, na kama wengine waliokata rufaa wakaonekana hawana kosa, alirudi mezani kwake. Ubaoni, hata hivyo, hakuna aliyekwenda kubandika karatasi ya kumsafisha. Alikuja kazini akiwa na mkoba wa nguo ndani yake mna vyeti vyote, vya watoto pia, akatembea navyo hivyo karibu mwaka mzima.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, mwaka niliostaafu, ikaanza kutumika Mei 2023. Niliisoma yote, mimi ambaye kiapo sikukisoma. Humo nikakuta kwamba habari za afya za mtu zina ulinzi wa juu zaidi. Kwamba kinachokusanywa kwa kazi moja kisitumiwe kwa nyingine. Kwamba mwenye habari ana haki ya kujua nani anazo. Hili la mwisho lilinifanya niweke karatasi chini. Kumbe swali la mwalimu, "inasomwa na watu wangapi," limegeuka kuwa haki. Alilitangulia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nina hofu moja kuhusu sheria hii, nayo inatokana na chai niliyonyweshwa. Naweza kumsikia mkubwa fulani mahali fulani akimwambia karani kijana, kwa upole uleule, kwamba orodha ya waliolipwa posho za semina ambayo haikufanyika ni "taarifa binafsi". Kufuli zuri likiwa mkononi mwa mwizi, linafunga vilevile.

Mwaka jana binti wa kaka yangu, muuguzi katika kituo cha afya, alinitumia picha saa mbili usiku. Rafu tupu, mbao tu na vumbi, na kipande cha kartoni kimeandikwa GLOVU kwa kalamu ya wino mzito. Chini yake ameandika: "Ba'mdogo, wiki ya tatu hii. Nairusha kwenye grupu la wilaya, naona hata kwa waandishi."

Nikaikuza picha kwa vidole viwili, kama wanavyofanya vijana. Kona ya chini kulia, juu ya meza, palikuwa na rejista imefunguliwa. Nikamwandikia: "Usiirushe kwanza. Tazama kona ya chini."

Akanipigia. "Nikiikata hiyo pembe?"

"Ikate."

"Wataniita nijieleze hata nikikata."

"Watakuita."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, si kwa ukali, "Kwa hiyo Ba'mdogo, unataka ninyamaze kama wewe ulivyonyamaza?" Habari ya marehemu nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, siku za nyuma, nikidhani namfundisha kitu.

Nikamwambia aende kwenye leja. Aandike tarehe waliyoagiza, kiasi walichoomba, kiasi walichopata, na idadi ya akina mama waliojifungua tangu siku hiyo. Idadi tu, hata umri asiuandike. Barua iende kwa mganga mfawidhi, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, na nakala moja abaki nayo yeye, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo asiondoke dirishani bila kuupata. Wasipotenda, atakuwa na karatasi ya kwenda nayo mbele, na popote atakaposimama kusema, asimame na takwimu zake na rafu yake, mgonjwa asiwepo kwenye picha.

Glovu zilifika baada ya siku kumi na moja. Barua haikujibiwa. Ila aliitwa, akaulizwa nani amemfundisha kuandika nakala.

Picha ile niliifuta kwenye simu yangu usiku uleule, lakini nilikuwa nimekwisha kuikuza. Macho ya masjala hayana breki; kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimesoma mistari mitatu ya rejista, na mstari wa pili ulikuwa na jina la mtu ninayemjua, kijiji chake, na safu ya mwisho alichokuja kutibiwa. Binti yangu hakunipa idhini, wala yeye mwenyewe hakuwa nayo ya kunipa.

Ijumaa tulikutana, mimi na mtu huyo, tunavaa viatu nje ya msikiti. Alinitangulia kwa salamu, akaniuliza hali ya nyumbani. Nikamjibu, nikamuuliza ya kwake. Akasema wazima wote. Tukazungumza habari za mvua, mahindi ya upande wa bondeni, na bei ya mbolea, mpaka tulipofika njiapanda.